Mwekezaji anataka asilimia 20, mwenzangu kaondoka na 40. Nisaini?

Mtoto wa Mkuyuni
Wakuu, heshima kwenu.

Niko Mwanza. Mwaka 2021 mimi na rafiki yangu tulitengeneza programu ya simu ya wenye maduka ya jumla, wanaandikia stoo na madeni. Leo maduka 310 yanalipa 15,000 kwa mwezi. Nikishalipa vijana wawili na seva, kinachobaki ni cha kula tu.

Amejitokeza mwekezaji, ana mfuko wake Nairobi. Anatoa dola 100,000 kwa asilimia 20. Kwenye karatasi ya masharti kuna mstari unasema kampuni ikiuzwa, kwanza anarudishiwa mara mbili ya pesa yake, halafu anagawana nasi kilichobaki. Kanipa wiki mbili. Mwanasheria ninayemmudu mimi ni wa kesi za viwanja.

Jambo jingine dogo: rafiki yangu alipata ajira Dodoma tangu 2023. Bado ana asilimia 40, mimi 60. Sidhani kama linahusika.

Nisaini?

Kijiwe Nongwa
Dola laki moja halafu unauliza? Kama huitaki nitumie namba yake.

Mama Mahesabu
Mdogo wangu, usimsikilize huyo. Chukua kalamu.

Tuseme kampuni inauzwa dola 400,000. Anachomoa 200,000 kwanza. Zinabaki 200,000, anachukua asilimia 20 yake, 40,000. Jumla 240,000. Nyie wawili mnabaki na 160,000, ilhali kwenye makaratasi mna asilimia 80. Ikiuzwa 200,000 kushuka chini, mnatoka mikono mitupu.

Kilichozoeleka ni mara moja, na achague: arudishiwe pesa yake, au achukue asilimia zake. Si vyote viwili. Kwa mauzo yaleyale angechukua 100,000, nyie 300,000. Bishana na huo mstari kabla hujabishana na asilimia 20.

Mkongwe wa Posta
Mama kamaliza upande wa mwekezaji. Mimi nimekwama kwenye hilo ulilosema "halihusiki".

Mgeni akiingia na 20, wewe unashuka hadi 48, rafiki yako 32. Umeshashuka chini ya nusu ya kampuni na mwekezaji hajakunyang'anya kitu. Wao wawili wakikubaliana, wewe unayefungua ofisi asubuhi huna kauli.

Tena huwezi kusaini peke yako. Hisa za upendeleo kama hizo, yaani zinazolipwa kwanza, kwa kawaida zinadai katiba ya kampuni ibadilishwe, na sheria yetu ya makampuni inataka azimio maalumu, robo tatu ya kura. Una 60. Bila sahihi ya Dodoma hakuna dili.

Mngeandikiana tangu mwanzo kwamba kila mmoja anazivuna hisa zake taratibu, kawaida miaka minne na mwaka wa kwanza hupati kitu, aliyeondoka 2023 angebaki na sehemu tu. Sasa ni mazungumzo. Mwambie arudishe sehemu ya hisa, umlipe kidogo kidogo.

Kijiwe Nongwa
Kumbe urafiki nao unasajiliwa BRELA kama kampuni 😂

Dada wa Igoma
Mimi nauliza kingine: hii biashara inawafaa wawekezaji wa aina hii kweli? Mfuko wao mara nyingi una miaka kumi tu wa kurudisha pesa na faida, na wanajua kampuni nyingi walizoingia zitakufa. Wanaishi kwa ile moja inayofanikiwa sana. Sequoia, mfuko wa Marekani, waliweka kama dola milioni 60 kwenye WhatsApp. 2014 Facebook wakainunua kwa bilioni 19, wao wakaondoka na karibu bilioni 3. Sasa maduka 310 ya Mwanza watayasukuma yawe 30,000, upende usipende. Kune ya Nairobi, iliyokuwa inapika chakula na kuwapelekea watu, ilipata dola milioni 1 kabla hata ya kujipanga vizuri, ikawa inauza sahani kwa kama dola 3, Juni 2022 ikafunga. Wateja ilikuwa nao.

Umejaribu kupandisha bei ifike 20,000 kwanza? Hapo pekee ni milioni moja na nusu zaidi kwa mwezi, kama hawakukimbii.

Mtoto wa Mkuyuni
Dada, bei sijagusa tangu 2022, naogopa. Nitaanza na maduka ya Buzuruga nione.

Mkongwe, nimempigia jamaa wa Dodoma. Kumbe mwekezaji alishamtafuta yeye wiki iliyopita, na hakuniambia. Anakuja Jumamosi. Mama Mahesabu, naomba hiyo hesabu uiandike na kwa dola 1,000,000, nataka niiweke mezani akiwa amekaa.

Mama Mahesabu
Kwa masharti yake: yeye 360,000, nyie 640,000. Kwa yale ya kawaida: yeye 200,000, nyie 800,000. Mwonyeshe na mgawo wake yeye wa asilimia 40 humo ndani, 256,000 dhidi ya 320,000. Ataelewa haraka.