Tupeane uzoefu: riwaya uliyoisoma karibuni ikakukuta nyumbani kwenu

Msomaji wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu si wa uhakiki. Dhamira, fani na maudhui tuliyaandika kwenye mitihani yakatosha. Nataka tusimuliane: ni riwaya gani umeisoma miezi hii, ya mambo ya kale au ya leo, ikagusa jambo la kwenu kabisa? Naanza mwenyewe.

Nimemaliza Peponi, ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nimeisomea kwenye daladala, asubuhi kurasa kumi, jioni nikibahatika kiti kurasa kumi nyingine. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa kwao na tajiri Aziz na kupandishwa treni. Yeye anadhani anakwenda kutembea kwa ndugu. Wanafika pwani, anawekwa dukani. Anayemfungua macho ni Khalil, kijana aliyemtangulia pale: huyu si ndugu yako, mwite Seyyid, na upo hapa kwa sababu baba yako anadaiwa. Rehani.

Hapo nilifunga kitabu, na kituo nikapitiliza. Rehani mimi naijua ya nyumba na benki, na ya mikufu ya mama inayokwenda kwa mkopeshaji kila Januari ada zikifika. Ya mtoto nilikuwa sijaiwaza. Na aliyenijia kichwani ni baba yake bibi yangu, ambaye kwenye ukoo wetu husemwa siku zote kwamba "alilelewa na tajiri, Pangani". Msibani husemwa hivyo, harusini husemwa hivyo. Neno hilo "alilelewa" nimelipokea kama sifa tangu utotoni.

Jumapili nikavuka kwenda kwa bibi, Kigamboni. Ana miaka themanini na kitu, macho yamefifia ila masikio mazima. Nikamsomea ukurasa wa Yusuf na Khalil. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Nikamuuliza, bibi, baba yako alilelewa vipi? Kimya, mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Alikuwa akilala dukani, juu ya magunia. Hata alipooa, usiku alikuwa akirudi kulala dukani." Na mshahara je? Akacheka. "Wewe nawe! Mtu hulipwa kwao?"

Binamu zangu wawili wameninunia, wanasema nimemharibu babu. Sawa.

Kitabu chenyewe: ile safari ya msafara kwenda bara ni ndefu, nilichoka kama mpagazi. Ila Kalasinga, yule fundi Singasinga anayetaka kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, alinichekesha mpaka kondakta akanigeukia. Mwisho unakatika kama umeme wa mtaani kwetu. Siku ya kwanza niliuchukia, wiki ya pili nikajikuta bado niko nao. Haya, leteni.

Binti wa Malindi, Unguja

Ahsante kwa uzi. Mie nimerudia Kuli ya Adam Shafi, ile ya 1979. Skuli nilipata alama nzuri sana kwayo na sikuelewa kitu.

Babu yangu, baba yake mama, alikuwa kuli bandarini. Nyuma ya mlango wa jikoni palitundikwa kulabu yake, chuma kilichopinda na mpini wa mti uliong'aa kwa jasho kama umepakwa vanishi. Sisi watoto tukiangushia maembe. Na babu bega lake moja lilikuwa chini kuliko jingine, tukimwiga anavyotembea, tukicheka, na yeye akicheka nasi. Ramadhani iliyopita nikakichukua kitabu nijipitishie saa za baada ya alasiri. Nimefika pale vijana wanabeba magunia nikasita. Kulabu ile ilikuwa ya kukamatia gunia. Nimekaa na chombo cha kazi ndani ya nyumba miaka yote nikakijua kwa maembe!

Riwaya inazungumzia mgomo wa 1948, ule ulioanzia bandarini ukausimamisha mji. Babu hakuwahi kututajia mgomo wowote. Ila alikuwa na msemo, akiona chakula kibaya husema, "Afadhali hiki kuliko mwaka tuliokula muhogo mtupu." Mwaka gani, hakusema, wala hatukumuuliza, na sasa hayupo.

Lawama yangu ndogo: kwenye Kuli watu wanahutubia mno. Vuta n'Kuvute ya 1999 kaiandika kishatulia. Kila mtu anamsifu Denge na siasa zake, lakini Yasmini alipomkimbia yule mume mzee, aliyempokea kule Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ni Mwajuma. Denge ana siasa, Mwajuma ana chakula. Mie ni wa Mwajuma.

Fundi Redio, Dodoma

Kitabu kilichonishinda kinaruhusiwa? Nagona ya Kezilahabi, 1990. Kijitabu chembamba, nikasema hiki cha jioni moja. Nimekianza mara tatu. Mara ya tatu mke wangu akauliza kinahusu nini, nikamwambia kinahusu mtu anatafuta. Anatafuta nini? Nikamwambia ndiyo nasoma nijue. Mpaka leo tukikaa mezani huniuliza kama yule bwana ameshakipata.

Msomaji wa Mbagala

Fundi umeniua. Mimi nilikipeleka kwa rafiki kama zawadi ya harusi. Hatujazungumza sana tangu hapo.

Mkerewe wa Mwanza

Nasoma uzi huu kimya kimya siku ya pili. Mimi naleta Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kazi ya mzee wetu Aniceti Kitereza. Wengine mnajua safari yake: aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, mchapishaji hakupatikana, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Nakala niliyonayo ni ya baba mdogo, haina jalada, na kurasa za mwanzo zimeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Kwa ambao hamjaisoma: Myombekere na mkewe hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao. Mume anabaki peke yake, hana wa kula naye, mwishowe anafunga safari ukweni kuomba mkewe arudi, na anatozwa pombe ya ndizi. Halafu Kitereza anakueleza namna pombe inavyopatikana, hatua kwa hatua, kuvundika, kukamua, kutia mtama, kungoja. Rafiki yangu wa mjini alizivuka kurasa hizo akasema mzee anachosha. Nami ningezivuka, kama si hali niliyokuwa nayo.

Mimi na mke wangu tulikuwa mwaka wa sita wa ndoa. Dada zangu walikuwa wakisema kwa mafumbo. Krismasi moja mmoja akasema wazi, mezani, mbele ya wali. Baada ya sikukuu mke wangu akaenda kwao, Ukerewe, "kusalimia". Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Kitabu nilikiazima ili nisishinde na simu. Nilikisomea jikoni, kwa kuwa sebuleni kuna picha ya harusi. Nasoma shida za Myombekere za kula peke yake, pembeni yangu sufuria ina ukoko wa juzi.

Nikajiuliza kwa nini mkwe adai pombe. Si angedai mbuzi yakaisha? Ndipo nikaona kwamba pombe ya ndizi huwezi kuipika peke yako, wala kwa siku moja. Utaomba ndizi, utaomba vyombo, utaomba mikono ya watu, na kila unayemwomba atajua unampikia nani na kwa kosa gani. Mbuzi ungemnunua usiku ukampeleka alfajiri, hakuna ambaye angejua.

Nikawapigia dada zangu wote wawili. Nikawaambia Jumamosi tunapanda meli ya Nansio, sukari nanunua mimi, kreti mbili za soda nanunua mimi. Tulipofika gatini bodaboda wakatuzunguka, nikawakataa. Aliyesema mezani nilimtwisha kreti moja kichwani, nyingine nikabeba mimi, tukaenda kwa miguu mpaka kwa mkwe, watu wakitutazama njia nzima. Mke wangu alikuwa anaanua nguo. Akamwona wifi yake anakuja na kreti kichwani, jasho linamtiririka, wigi limekwenda upande. Akaziba mdomo kwa shuka aliyokuwa ameishika, mabega yanatikisika.

Binti wa Malindi, Unguja

Shemeji yetu karudi basi! Na mtoto je, kaka, Mungu kajaalia?

Mkerewe wa Mwanza

Hapana. Tupo wawili. Tunakisoma pamoja sasa, yeye yuko mbele yangu kurasa kama arobaini na hataki kunieleza.

Mkalimani, Ulaya

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili, zaidi kwa watu wanaoomba hifadhi. Nitakalosimulia nimelibadilisha hapa na pale ili mwenyewe asijulikane.

Nimesoma By the Sea, ya huyo huyo Gurnah, ya mwaka 2001. Saleh Omar, mzee wa Kizanzibari, anatua Gatwick na pasipoti isiyo na jina lake. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Ofisa anafungua begi lake, anakuta kijaluba cha udi, ananusa, anaulizauliza, mwisho udi unabaki kwake. Na mzee anasikia kila kitu na amenyamaza. Kipande hicho nilikisoma mara mbili nikatoka kwenda kutembea.

Nilikuwa nimemkalimania mzee mmoja, saa tatu nzima. Ofisa hakuwa katili, alikuwa amechoka. Mzee akieleza alivyotoka kwao, ofisa akasema, bila kunyanyua macho, kwamba hadithi ya namna hii ameshaisikia mara nyingi. Kanuni yetu ni moja, fasiri kilichosemwa, usizidishe, usipunguze. Mimi nikamwambia mzee, "Anaomba ufafanue zaidi, baba." Nilifanya hivyo mara nne au tano siku ile. Kila neno kali la upande ule mimi nalitia sukari kidogo kabla ya kulivusha.

Tulipomaliza tukakutana kwenye lifti, wawili tu. Akanisemesha kwa Kiingereza, kizuri, cha watu waliosoma zamani. Kisha akarudi kwenye Kiswahili: "Ahsante kwa adabu yako, mwanangu." Nilitamani lifti ikwame nisitoke wala asitoke. Alikuwa amesikia kila jambo mara mbili, kama lilivyosemwa na kama nilivyolipamba.

Sijalainisha neno tangu siku ile. Na sijui kama wanaonijia sasa wamefaidika.

Kuhusu riwaya, katikati kuna ugomvi wa nyumba na wa meza ya mpingo kati ya familia mbili. Mwenzangu kazini, Mwingereza, aliona umerefushwa. Nilimwambia ndiyo mfupi huo, angekuja kwetu kwenye mirathi.

Mwalimu wa Kitale

Hamjambo nyote. Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, 1996. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta babake na safari inamleta hadi huku kwetu Kitale. Nilipokuwa kidato cha pili sikuamini mji wangu ungeweza kuwa ndani ya kitabu. Nilikuwa nikidhani riwaya hutokea Mombasa pekee, kwingine ni kilimo cha mahindi. Niliirudia Aprili 2020 alipofariki, sikuimaliza. Mwaka huu nimeisoma na binti yangu, tunapokezana sura. Alivumilia kurasa nyingi akihesabu masaibu ya Kongowea, kisha akaniuliza, "Lakini baba, si angempigia simu tu?" Nikamweleza simu za siku hizo. Akafikiri, akasema basi angeuliza boda.

Msomaji wa Mbagala

Mwalimu, mlete huyo binti humu.

Mkalimani, nimemsomea bibi habari yako ya lifti. Ameniagiza nikuulize huyo mzee alipewa makaratasi au hakupewa.

Mkalimani, Ulaya

Mwambie bibi huwa hatuambiwi. Tukitoka chumbani ndiyo mwisho wetu.

Binti wa Malindi, Unguja

Nami nina la kurejesha. Baada ya kuandika hapa nimempigia mjomba, nikamwambia ile kulabu ya babu naiomba, nitaitundika kwangu. Akauliza kulabu gani. Nikamweleza, ya nyuma ya mlango, ya maembe. Akasema aa, ile. Mwaka jana kapita kijana wa vyuma chakavu, wakampa pamoja na sufuria mbili zilizotoboka na pangaboi bovu. Ilipimwa kwa kilo.