Daktari mwaka wa pili kazini: nichukue mkopo wa mshahara nijenge Dodoma, au nikasome ubingwa kwanza?

DktWaChemba

Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Mbukwenyi kwa walioko nyumbani Dodoma.

Mimi ni daktari wa shahada ya kwanza, MD, mwanamke wa miaka 29, nimeajiriwa na serikali hospitali ya wilaya huku Chemba. Nimeshathibitishwa kazini. Sijaolewa, ila mdogo wangu anasoma chuo na wazazi wako Kondoa, kwa hiyo mshahara wangu una wenyewe kabla haujafika.

Wiki iliyopita afisa mikopo wa benki alikuja hospitalini, akakaa kwenye chumba cha mikutano na kompyuta yake, akawa anatuita mmoja mmoja. Hesabu yangu ilitoka hivi: napewa milioni 22, rejesho 380,000 kwa mwezi, miezi 96. Wenzangu wawili walisaini palepale. Mimi niliomba muda.

Naweka salari slipi mezani, namba nimezinyoosha kidogo. Mshahara 1,600,000. PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, asilimia 5, yaani 80,000. Kodi 284,000. Bima ya afya 48,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 240,000. Chama cha wafanyakazi 32,000. Mkononi inabaki 916,000. Nikisaini itabaki 536,000, na posho za kuitwa usiku pale zinapotoka.

Mpango wangu ni kiwanja Iyumbu, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), halafu nianze vyumba vya kupangisha wanafunzi. Kaka yangu naye ananisukuma tulime zabibu Hombolo, anasema Dodoma zabibu ndiyo dhahabu.

Upande wa pili natamani sana ubingwa wa watoto. Kituoni kwetu hatuna bingwa huyo. Kichanga akizidiwa usiku tunampandisha gari la wagonjwa kwenda mjini, mimi nyuma nabana mfuko wa hewa mkono mmoja, mkono mwingine nimemshika mama yake asianguke. Nikirudi alfajiri najiuliza kichanga yule angehitaji nini ambacho sikukijua.

Ila MMed, yaani shahada ya ubingwa, ni miaka mitatu. Naogopa kurudi shule wakati wenzangu wanapaua nyumba. Naombeni ushauri wa kweli, hasa kwa waliopita njia hii.

---

Mzabibu_Hombolo

Daktari, mimi ni mkulima, ya hospitali siyajui, nizungumzie zabibu tu.

Zabibu inalipa, sikukatishi tamaa. Lakini ni zao la mtu aliyepo. Unaweka nguzo na waya, unahitaji maji ya uhakika, na mizabibu inakaa mwaka na zaidi kabla ya kukupa mavuno ya maana. Baada ya hapo unavuna mara mbili kwa mwaka ukipogolea kwa wakati. Ukichelewa kupogolea, umeharibu msimu. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ukiingia na hujapiga salfa mapema, unakuta vichala vimepauka na punje zinapasuka. Zikiiva, ndege wanafika kabla ya mnunuzi, na lazima uwe na mtu wa kushinda shambani akiwafukuza.

Halafu soko. Zabibu haikai ghalani kama mahindi ya Kibaigwa ukisubiri bei ipande. Imeiva, imeiva. Mwenye kiwanda akisema matangi yamejaa, unauza kwa bei yoyote au unakamua mchuzi wa zabibu.

Kama kaka yako ni mkulima na yuko Hombolo kila siku, msaidie aanze na nusu eka kwa fedha ya mfukoni, siyo ya benki. Rejesho la benki linaanza mwezi ujao, mzabibu hauanzi mwezi ujao.

---

Bingwa_Ntyuka

Mdogo wangu, mimi ni bingwa wa watoto hapa Dodoma mjini. Inawezekana kabisa magari yenu ya usiku nimeyapokea mimi. Kwa hiyo hili nalijibu kwa moyo wote, uniwie radhi likiwa refu.

Kwanza uone afisa mikopo aliona nini kwenye slipi yako. Sisi watumishi mshahara hautakiwi kukatwa zaidi ya theluthi mbili. Theluthi ya 1,600,000 ni kama 533,000. Wewe baada ya makato unabaki na 916,000, tofauti ni 383,000, na yeye amekupangia rejesho la 380,000. Amechukua nafasi yako yote ya kukopa kwa saini moja, kwa miaka minane. Zidisha mwenyewe 380,000 kwa 96: utarudisha 36,480,000 kwa milioni 22 uliyopewa. Sisemi benki imekuibia, ndiyo bei ya fedha ya muda mrefu. Nasema hiyo nafasi ni yako na kwa miaka minane hutakuwa nayo tena, isipokuwa kwa kuongezewa mkopo juu ya mkopo, na huko ndiko watumishi wengi wanakozama.

Sasa weka hiyo miezi 96 kando ya ndoto yako. Tuseme unakwenda shule mwakani. Ukipata ruhusa ya masomo, mshahara unaendelea, na hilo ni jambo kubwa ambalo vijana wa sekta binafsi hawana. Lakini posho za kuitwa zinabaki Chemba, maana hauko zamu Chemba. Zamu za hospitali binafsi usizipigie hesabu kabisa. Mwaka wa kwanza wa MMed wodi ndiyo nyumba yako. Kwa hiyo utaishi kwa 536,000 kamili. Ukiangukia Muhimbili, mwenye nyumba wa Dar anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hajakupa ufunguo. Mdogo wako bado yuko chuo. Wazazi bado wako Kondoa. Hapo sijagusa ada, wala utafiti wa mwaka wa mwisho, ambapo unalipa wasaidizi wa kukusanya takwimu, vipimo, uchapaji.

Nimeona madaktari wenye akili kuliko mimi wakiahirisha mwaka kwa ada. Mmoja alikuwa akitoka zamu ya usiku anakwenda kufanya zamu ya mchana zahanati ya mtu, hadi akaanza kusinzia kwenye raundi mbele ya profesa. Slipi yake ilikuwa imekatwa mpaka mwisho kwa nyumba iliyosimama kwenye lenta.

Wewe sasa hivi slipi yako ni nzima. Nenda nayo nzima shuleni.

Kuhusu ada, usijilipie kabla hujagonga milango. Kuna ufadhili wa Rais Samia wa kusomesha wataalamu bingwa na bingwa bobezi kupitia Wizara ya Afya; fuatilia tangazo linapotoka na uwe na vyeti tayari. Na si lazima uende mbali. UDOM nayo inafundisha MMed, mafunzo mnafanyia Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo jirani. Ukisomea hapa unaokoa kodi ya Dar na Jumamosi moja moja unafika Kondoa kuwaona wazee.

Deni la Bodi ya Mikopo lisikunyime usingizi. Tangu 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, deni haliongezeki kila ukilala. Kama una milioni 20, kwa 240,000 utalimaliza ndani ya miaka saba hivi. Omba taarifa ya deni uone wanachokukata kinaingia kweli. Siku likiisha umejiongezea 240,000 kwa mwezi.

Kuna jambo vijana hawaliangalii kwa sababu kustaafu kunaonekana mbali. Pensheni ya PSSSF inapigwa kwenye mshahara, posho haimo. Daktari aliyejaza usiku wake kwa posho na kubaki MD miaka thelathini atapigiwa hesabu kwenye mshahara wa MD. Tangu 2024 mkupuo, yaani fedha unayopewa kwa mara moja unapostaafu, kwa watumishi wengi wa serikali ni asilimia 40, kilichobaki unalipwa kila mwezi hadi mwisho wa maisha yako. Mshahara wako ukipanda, mkupuo unapanda na ile ya kila mwezi inapanda. Halafu sisi mabingwa umri wa kustaafu kwa lazima ni 65, siyo 60. Hiyo ni miaka mitano zaidi ya kazi, kwa cheo cha juu zaidi. Hakuna vyumba vya wanafunzi Iyumbu vitakavyokupa hicho.

Nikuonye jambo moja ili usije ukanilaumu: mshahara wa bingwa hauji siku ya mahafali. Unarudi na cheti, unaandika kuomba kubadilishiwa muundo wa utumishi uwe wa bingwa, kisha unasubiri ikama (idadi ya nafasi zilizoidhinishwa) na bajeti. Panga kama mtu atakayeishi kwa mshahara wa MD kwa muda hata baada ya kuvaa joho.

Sasa ya kufanya mwezi huu. Tenga 200,000 kila mshahara ukiingia, siyo unapobaki. Weka mahali ambapo si rahisi kuigusa kwa simu usiku lakini unaipata ndani ya siku chache ukiwa na shida. Mimi natumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Ikifika milioni kadhaa unaweza kufikiria hati fungani za serikali, zinaanzia milioni moja, riba inaingia kila baada ya miezi sita, na zile za miaka mingi riba yake haikatwi kodi. Lakini fedha ya shule usiifungie kwenye hati ya miaka 20. Hiyo ibaki karibu.

---

Mpimaji_Msalato

Nampinga kidogo dada bingwa, kwa heshima. Ardhi Dodoma haisubiri mtu amalize MMed. Tangu serikali ihamie, waliosema watanunua baadaye wamesukumwa hadi huko Nala na Ihumwa, na huko nako kunajaa. Daktari akiweza kupata kiwanja kimoja sasa bila mkopo wa miaka minane, akipate. Wenye maeneo wengi wanakubali kulipwa kwa awamu mkiandikishana vizuri.

Ila daktari, sikia. Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda ofisi ya ardhi ya Jiji na namba ya kiwanja na kitalu, uone jina lililopo kwenye kumbukumbu. Makaratasi ya zamani ya CDA, iliyokuwa mamlaka ya kuendeleza makao makuu Dodoma, bado yanazunguka mitaani. Mamlaka ile ilivunjwa 2017 na kazi zake zikaenda kwa iliyokuwa Manispaa, ambayo sasa ni Jiji. Kuna watu wanauza kwa barua ambayo ilishabadilishwa au ambayo kiwanja chake kina mwenyewe mwingine. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unashuhudia kwamba mmeuziana, haukupi umiliki. Na nenda kiwanjani na mpimaji mwenye kifaa, beacon, yaani alama za mipaka, uzione kwa macho, siyo kuonyeshwa mti kwa kidole.

---

Tabibu_Singida

Nichangie kwa upande mwingine. Mimi nilikuwa daktari wa mradi wa VVU, Singida, mshahara karibu mara mbili ya huo wako. Januari 2025 Marekani iliposimamisha ufadhili, tulipokea barua pepe asubuhi tukaambiwa tusiende kituoni. Watu waliokuwa na mikopo ya magari walianza kuyauza magari hayo wiki hiyo hiyo, na kwa kuwa tuliuza wengi pamoja bei ikaanguka.

Mimi na mke wangu tulikuwa na akiba ya matumizi ya miezi sita, tuliiweka tangu mwanzo kwa sababu mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Hiyo ndiyo iliyonipa nafasi ya kusubiri nafasi za serikali zitangazwe badala ya kukubali kazi yoyote kwa mshahara wowote. Daktari, ajira yako ni ya kudumu, haitakatika kwa barua pepe. Lakini baba akiugua Kondoa kesho, utatoa wapi? Akiba hiyo itangulie kiwanja, itangulie na shamba.

---

DktWaChemba

Shikamoo dada Bingwa_Ntyuka. Asanteni nyote, nimesoma kila neno na nimemsomea kaka yangu sehemu ya zabibu kwa simu. Amekubali nusu eka.

Dada, nina swali. Mdogo wangu anamaliza mwakani, na yeye anategemea mimi nimlipie kiasi cha ada ambacho Bodi haikumpa. Je, nimsubiri amalize ndipo niombe shule? Na hiyo ruhusa ya masomo inaanzia wapi? Hapa naambiwa kuna foleni.

---

Bingwa_Ntyuka

Marahaba mdogo wangu.

Usimsubiri. Foleni yenyewe itakula huo mwaka. Halmashauri ina mpango wa mafunzo wa watumishi, na jina lisilokuwemo humo linapata shida kuruhusiwa hata kama umepata chuo na mfadhili. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni jina kuingia kwenye mpango, hata kabla hujaomba chuo. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji, ipitie kwa Mganga Mfawidhi na Mganga Mkuu wa Wilaya. Taja fani waziwazi, magonjwa ya watoto, na useme hospitali haina bingwa huyo. Hilo la kumsindikiza kichanga usiku liandike pia, kwa idadi ya rufaa kutoka kwenye rejista yenu. Mkurugenzi anayeona rejista anaelewa haraka kuliko anayesoma maombi ya kawaida.

Mdogo wako mwambie kiasi utakachoweza, mapema, ili naye apange. Ukimwambia kiwango kidogo cha uhakika ni bora kuliko kumwambia "tutaona".

---

DktWaChemba

Nimempigia afisa mikopo leo mchana kwamba sisaini. Amesema atarudi mwezi ujao, nikamwambia karibu.

Barua naipeleka Jumatatu. Nakala nimpe nani?

---

Bingwa_Ntyuka

Katibu wa afya wa wilaya, na afisa utumishi. Nakala ya tatu ibaki kwako, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, maana watakuja kukuuliza uliiomba lini. Ukikwama popote niandikie inbox, nitakutafutia mtu aliyepita hapo juzijuzi.