Tupeane uzoefu: Wasaidizi wa wakurugenzi, mlipandaje kikazi bila kusubiri bosi awakumbuke?

Mshika Kalamu (mwanzisha mada)
Wakuu, salamu. Sisi tunaokaa nje ya mlango wa mkurugenzi tuna shida yetu ya peke yetu: kazi ikienda vizuri haionekani. Safari imekwenda sawa, vikao havikugongana, mgeni kapokelewa. Nani atakumbuka kwamba kuna mtu alihangaika? Ndiyo maana wengi tunasifiwa kila siku na cheo kiko palepale.

Mimi nilianza na daftari. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi naandika nilichofanya na kilichosaidia. Siandiki "nilipanga kikao". Naandika "niliona kikao cha bodi kinaangukia wiki ya kufunga hesabu, nikaomba kisogezwe, mhasibu mkuu akaingia na taarifa kamili". Muda wa tathmini ulipofika nilikwenda na muhtasari wa daftari hilo pamoja na maelezo ya kazi niliyoajiriwa nayo, pembeni nimeorodhesha majukumu ninayofanya ambayo hayamo. Bosi alisoma mpaka mwisho, akamwita mkuu wa utumishi. Maelezo ya kazi yakaandikwa upya, mshahara ukafuata baadaye.

Wenzangu mlifanyaje?

Yatokanayo
Mimi nilipitia kwenye muhtasari wa vikao. Wengi wanaona kuandika muhtasari ni adhabu. Kwangu hakuna kiti kizuri kama hicho, maana unasikia jinsi wakubwa wanavyofikia maamuzi.

Nilianza kuambatanisha jedwali la yatokanayo: agizo, mhusika, tarehe ya mwisho, limefikia wapi. Siku chache kabla ya kikao nawapitia wakuu wa idara. Hawa ni wakubwa zangu, siwezi kumuuliza mtu "mbona hujamaliza". Nasema, "Mkuu, hapa kwenye jedwali niandike nini?" Inatosha. Hakuna anayetaka nafasi yake isomwe tupu mbele ya mkurugenzi mtendaji. Mwishowe wakawa wananitafuta wao kabla sijawafuata.

Ulipokuja mradi wa kuhamisha ofisi, mimi ndiye niliyetajwa kuuratibu. Nikasomea CAPM, cheti cha wanaoanza usimamizi wa miradi kinachotolewa na PMI, taasisi ya kimataifa ya fani hiyo. Kinataka saa 23 za mafunzo kabla ya mtihani. Nilizisoma jioni jioni baada ya kazi. Sasa niko idara ya miradi.

Dawati la Mbele
Mimi niseme la bosi kuondoka, maana halizungumzwi. Cheo chetu kimefungwa kwa mtu. Wangu alihamia kwingine, mpya akaja na msaidizi wake, nikapelekwa masjala. Iliniuma sana.

Kilichonitoa huko ni kwamba nilijua makabrasha ya bodi yanavyoandaliwa tangu ajenda inapoombwa hadi muhtasari unaposainiwa, na ofisi ya katibu wa kampuni ilihitaji mtu wa namna hiyo. Ndugu zangu, jueni kazi ya taasisi, msijue tabia za bosi tu. Na barua ya mapendekezo muombeni akiwa bado kwenye kiti.

Wino Mweusi
Pole sana, Dawati la Mbele. Yatokanayo, hongera, ila nitofautiane nawe kidogo: kupanda si lazima kuihama kazi. Mimi nimebaki kwa kupenda, nimetoka kumhudumia meneja wa idara hadi mwenyekiti wa bodi. Fani ina mitihani yake. IAAP, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1942 kikiwa chama cha makatibu, kinatoa cheti cha CAP kwa watu wa kazi hizi hizi zetu.

Kilichonisumbua kwenye usaili ni siri. Utajielezaje wakati nusu ya uliyofanya hairuhusiwi kutoka nje? Nilijifunza kueleza ukubwa wa kazi bila kugusa yaliyomo: "Niliratibu mazungumzo ya pande tatu zenye saa tofauti, nyaraka zikionwa na watu wachache tu." Mmoja wa wasaili alinibana nitaje kampuni zenyewe. Nilimjibu kwa heshima kwamba siwezi, kama ambavyo sitaweza kutaja ya kwao. Naamini jibu hilo lilinisaidia kupata kazi.

Mgeni Ofisini
Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote. Bosi wangu ni mtu mwema, lakini kila nikiomba kozi ananiuliza, "Sasa ofisi nitabaki na nani?" Nimjibuje?

Mshika Kalamu
Marahaba. Nami niliulizwa hivyo hivyo, na ni swali la haki, basi lipatie jibu kabla hajaliuliza tena. Andika mwongozo wa dawati lako: nani anaruhusiwa kuunganishwa na bosi moja kwa moja, malipo gani yanapita kwa nani, safari inaombwaje, mafaili yako wapi. Mwombe mwenzako wa mapokezi ashike dawati siku moja ukiwa bado upo jirani, na kila atakachokuja kukuuliza kiongeze kwenye mwongozo, kwa sababu hicho ndicho ulichosahau kuandika.

Kisha chagua tarehe ambazo bosi mwenyewe yuko likizo. Kalenda yake unaishika wewe, huhitaji kubahatisha. Peleka ombi la maandishi lenye tarehe, ada, jina la atakayeshika dawati, na mwongozo umeuambatanisha. La kwangu lilipitishwa wiki ileile.