Kielezo h cha mtafiti wa ubongo: Scholar 34, Scopus 26. Nichukue ipi?

Mdadisi_N
Habari wakuu. Nina rekodi ya mtafiti wa sayansi ya neva (kumbukumbu na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika nayo; anatumia fMRI, yaani picha za utendaji wa ubongo) ya kufupisha katika ukurasa mmoja kwa kamati ya kupandisha vyeo. Kielezo h, kipimo cha wingi wa makala na nukuu zake, Google Scholar inampa 34, hifadhidata ya Scopus 26. Ipi ni sahihi? Na mbali na h, kamati ioneshwe nini?

Sinapsi
Zote zinaweza kuwa sahihi. Scholar huokota karibu chochote chenye sura ya kitaaluma: tasnifu, sura za vitabu, makala za hazina ya bioRxiv ambazo hazijapitiwa na wahakiki. Scopus huhesabu nukuu kutoka machapisho iliyoyachuja tu. Scholar kuwa juu ni kawaida.

Ila safisha orodha kwanza. Anza na ORCID yake, ile namba ya utambulisho wa mtafiti ya tarakimu 16, kama ameijaza orodha ya kazi zake humo. Linganisha na Scholar: wasifu ukiachwa ujisasishe wenyewe huzoa makala za watu wenye majina yanayofanana, hasa jina la kwanza likiandikwa kwa herufi moja. Scopus ina ugonjwa wa kinyume. Mtu akihama chuo au akibadili jina, humgawa kuwa watu wawili. Tafuta wasifu mdogo wenye makala tatu nne uliosahaulika, uombe uunganishwe. Ukimaliza, ondoa nukuu za kujinukuu (Scopus inaruhusu) uone h inashuka kiasi gani.

Kwenye ripoti taja chanzo na tarehe, na usichanganye vyanzo viwili kwenye jedwali moja.

Aksoni77
Nakubali kuhusu usafi, lakini mimi h ningeiweka mstari wa mwisho. Hirsch, mwanafizikia, aliipendekeza mwaka 2005: h 26 maana yake makala 26 zilizonukuliwa angalau mara 26 kila moja. Makala yenye nukuu 3,000 inaongeza moja tu, sawa na yenye 26. Ile makala fupi ya O'Keefe na Dostrovsky ya 1971 kuhusu seli za mahali (seli za ubongo zinazoamka mnyama akiwa mahali fulani), iliyofungua njia ya Nobel ya 2014, kwenye h ni pointi moja.

Tena h haijali jina limekaa wapi. Katika fani hii wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi, wa mwisho ndiye kiongozi wa maabara. Aliye katikati ya makala ya muungano mkubwa wa maabara za picha za ubongo kama ENIGMA yuko na makumi ya wenzake. Kwa hiyo hesabu kando: ngapi wa kwanza, ngapi wa mwisho, ngapi katikati. Angalia nyota ya "walichangia sawa", na soma tamko la michango mwishoni mwa makala. Mara nyingi ndilo linalosema nani alichanganua data.

Tenga pia aina: majaribio, mapitio, mbinu. Mapitio hunukuliwa kirahisi kwa sababu yanampunguzia mtu kazi ya kusoma makala hamsini. Makala ya mbinu au programu hunukuliwa na kila anayeitumia. Ni athari ya kweli, lakini si ugunduzi kuhusu ubongo.

Mdadisi_N
Shukrani. Je, kuna namna ya kulinganisha makala ya 2012 na ya 2021 kwa haki?

Sinapsi
iCite, zana ya mtandaoni ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani). Bandika namba za makala zake kutoka PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, itakupa RCR, kipimo kinachozingatia fani na mwaka. 1.0 ni sawa na makala ya katikati kati ya zile zilizofadhiliwa na NIH. Tumia RCR ya katikati, si wastani; makala moja kubwa huvuta wastani wote juu. Makala za karibuni mno zichukulie kwa tahadhari, nukuu bado chache.

Dendraiti
Naongeza moja ambalo kamati huliruka: nukuu si sifa. Makala ya Nature ya 2006 kuhusu protini iitwayo Aβ*56 na ugonjwa wa Alzheimer ilikusanya nukuu zaidi ya elfu mbili, ikaondolewa 2024. Pitisha kila DOI (namba ya utambulisho wa makala) kwenye hifadhidata ya makala zilizoondolewa ya Retraction Watch, ambayo sasa ni ya Crossref, shirika linalosajili DOI.

Halafu chukua makala zake tano bora, fungua kama kumi zinazozinukuu kwa kila moja, usome sentensi yenyewe. Nukuu ya utangulizi ("kama inavyojulikana…") haina uzito wa ile ya sehemu ya mbinu au ya maabara nyingine iliyorudia jaribio. Kwa fMRI angalia na idadi ya washiriki. Sampuli ya watu 15 ikinukuliwa mara 400 bila aliyeirudia, liandike hilo wazi.