Jina la mtoto, irabu au wimbo wa alfabeti: tuanze na kipi?

Mama Nyemo, Nkuhungu
Wakuu habari za leo. Binti yangu anaanza darasa la awali Januari. Hapa nyumbani tunavutana: mimi nataka aanze na herufi za jina lake, baba yake anataka a e i o u kama tulivyosoma sisi, na dada wa kazi kamwekea wimbo wa alfabeti kwenye simu. Ipi inashika?

Ticha Chamwino
Wimbo uwe wa kuchezea tu. Mtoto anaimba mpaka z, ukimwonyesha m peke yake anakukodolea macho. Na nyimbo nyingi za kwenye simu ni za Kiingereza: a inaitwa "ei", halafu kuna q na x ambazo Kiswahili hakina kazi nazo.

Mimi naanza na jina. Nakata maboksi, naandika majina, asubuhi kila mtoto anatafuta kadi yake na kuitundika kwenye kamba. Mwanzoni anaitambua kwa umbo tu, hasomi chochote. Siku moja utasikia, "Ticha, mimi na Neema tunafanana mwanzo!" Hapo n imeshaingia bila kiboko.

Mkulima wa Alizeti, Kongwa
Kwa Neema sawa. Wangu anaitwa Joyce. Hiyo c utamwambia inatamkwaje, wakati Kiswahili tunaijua kwenye ch tu? Na e ya mwisho haitamkwi kabisa. Mimi niko na baba Nyemo. Ma me mi mo mu inachosha, sikatai, lakini Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Akishika silabi, hata gunia la mbolea atalisoma.

Ticha Chamwino
Hapo umenibana, kaka. Grace na Michael ninao tele. Hao nawachukulia herufi ya kwanza tu: j ya Joyce, ya jogoo, ya jembe. Zilizobaki tunaazima kwa wenzao. Andika ubaoni Amani, Rehema na Juma: umepata a, e, i na u. Kwa o mwiteni Nyemo.

Bibi Mstaafu, Mpwapwa
Wanangu, baba na mama Nyemo wote wako sawa, wanagombea zamu tu. Jina linamfanya mtoto atake kusoma. Silabi ndizo zinamsomesha. Wiki za mwanzo jina, akishazijua herufi zake hamia irabu na silabi.

Ila fundisheni sauti. M ni "mmm", siyo "em". Akijua "em", "a" ataunganishaje apate "ma"? Na acheni kuandika NYEMO yote kwa herufi kubwa, vitabu atakavyokutana navyo vimejaa herufi ndogo. Kubwa ni ile ya kwanza. Penseli isubiri, mchanga Dodoma haununuliwi, aandike kwa kidole.

Mama Nyemo, Nkuhungu
Shikamoo Bibi, asante. Sasa huyu wangu anaanza na ny. Nikimwambia "nnn" halafu "yyy", anasema "ni-yemo"!

Bibi Mstaafu, Mpwapwa
Marahaba mwanangu. Usizitenganishe. N na y ziandike kwa rangi moja, nyekundu tuseme, e, m na o rangi nyingine. Rangi moja, sauti moja. Ch na sh mtazifanya hivyohivyo mkizifikia.

Mkulima wa Alizeti, Kongwa
Basi Joyce naye ataanza na j. Hiyo c ataikuta kwenye Kiingereza huko mbele.