Keki ya chokoleti ya kikombe kimoja kwenye maikrowevu: tupeane uzoefu

Kijiko Kikubwa (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni wa wale wenzangu ambao hamu ya chokoleti huwapanda usiku, vyombo vimeshaoshwa, na hakuna mwenye ubavu wa kuwasha oveni kwa ajili ya tumbo moja. Naongelea keki ya kikombe. Unaikorogea humo, unaipikia humo, unaila humo humo. Cha kuosha ni kikombe na uma.

Mapishi yake yamejaa kila kona na karibu yote ni yale yale. Matokeo ndiyo yanayogombana: huyu anatoa keki laini, yule kwa vipimo hivyo hivyo anatoa kitu kinachodunda. Kwa hiyo msinibandikie mapishi matupu. Semeni keki yako ilianza kukubali ulipobadilisha nini.

Naanza mimi. Unga wa ngano vijiko vikubwa 4, sukari viwili na nusu, kakao viwili, bekingi pauda robo kijiko cha chai, chumvi kidogo sana. Vikavu nakoroga kwanza kwa uma mpaka mabonge ya kakao yaishe, maana yakishakutana na maziwa hayavunjiki tena. Kisha maziwa vijiko vikubwa 4 na mafuta ya kupikia viwili. Yai siweki. Maikrowevu yangu ni ya wati 800, nazima kwenye sekunde 70, katikati pale juu pakiwa bado panang'aa unyevu, kiduara cha upana wa sarafu. Naiacha dakika 2 bila kuigusa, ule mng'ao unakauka wenyewe kwa joto lililobaki ndani.

Msimamo wangu ni huu: keki ya kikombe haiharibiwi na vipimo, inaharibiwa na sekunde. Anayebisha aje na kikombe chake.

Shangazi wa Vitamu

Nabisha nusu, mwanangu. Sekunde ni kweli, ila umeruka mchawi mkubwa kwa kusema "yai siweki" na kupita zako.

Mapishi mengi yanaagiza yai zima kwenye kikombe kimoja. Hebu litazameni: unga vijiko vinne, halafu yai zima juu yake. Hapo umepika yai lenye ladha ya kakao. Ute ukipata joto kali unakaza, na maikrowevu haina subira, ndiyo maana keki inakuwa ya kuvutana nayo kwa meno na harufu ya yai juu. Mimi naweka kiini peke yake. Kiini kina mafuta, kinaipa keki utamu ule mzito na kinaishika isimeguke ovyo. Nikiwa na mgeni, napiga yai moja kwenye bakuli, nagawa nusu kwa nusu kwenye vikombe viwili, kila mtu na chake.

Na ukiweka kiini, punguza maziwa kijiko kimoja. Rojo liwe la kuteremka polepole kutoka kwenye uma. Likitiririka kama maji, limezidi.

Fundi Wati

Mleta uzi yuko sahihi kuhusu sekunde, lakini sekunde 70 za kwake hazimsaidii mwenye mashine tofauti. Hapa ndipo watu wanapoumizana.

Hesabu yake ni nyepesi: wati mara sekunde. 800 mara 70 ni 56,000. Mwenye maikrowevu ya wati 1,000 agawe, anapata sekunde 56. Mwenye 700 anapata 80. Mwenye 600 inamfikia sekunde 93 hivi. Sasa fikiria mtu mwenye mashine ya 1,000 anasoma mahali "pika dakika moja na nusu" iliyoandikwa na mwenye ya 600. Atatoa tofali, halafu atalaumu kakao.

Angalizo: kibandiko cha nyuma au cha mlangoni mara nyingi kina namba mbili. Kubwa ni umeme mashine inaokula, ndogo ni nguvu inayofika kwenye chakula. Tumia ile ndogo.

Lingine: ukiweka vikombe viwili kwa mpigo, nguvu ile ile inagawanywa, kwa hiyo muda unakaribia kuwa maradufu. Ni afadhali upike kimoja kimoja. Na usikiweke kikombe katikati kabisa ya sahani inayozunguka. Mawimbi humo ndani hayakusambaa sawasawa, kuna sehemu za moto na za baridi. Kikombe cha katikati kinajizungukia pale pale, cha pembeni kinapita kote.

Kuna watu wanaamini maikrowevu inapika kuanzia ndani kutoka nje. Sivyo. Mawimbi yanaingia sentimita mbili tatu tu kwenye chakula chenye maji kama rojo, kwa hiyo kingo zinaiva mapema na katikati panafuata. Huo mng'ao wa sarafu anaousema mleta uzi ndio pale katikati panapomalizia. Ukisubiri mpaka pakauke ndani ya mashine, kingo zimeshakufa.

Na kwa wanaopenda historia: chokoleti na maikrowevu wana undugu wa zamani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1945 mhandisi Mmarekani Percy Spencer, wa kampuni ya Raytheon, alikuwa karibu na mtambo wa rada akagundua kipande cha peremende mfukoni mwake kimeyeyuka, wengi husema kilikuwa cha chokoleti. Mashine ya kwanza ya kuuzwa ilitoka 1947, urefu wake unakaribia mtu mzima na uzito umepita kilo 300. Leo tunalalamika ya kwetu inachukua nafasi mezani.

Polepole Ndio Mwendo

Mimi sihangaiki na hesabu. Naweka nguvu nusu, napika dakika 2 na kidogo, nachungulia. Mashine nyingi ukiweka nusu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na ukiisikiliza utaisikia inavyobadili mngurumo. Kwenye ule muda wa kuzima joto linatembea lenyewe hadi katikati. Keki haimwagiki, haina matundu makubwa. Jaribuni kabla ya kunipinga.

Fundi Wati

Mkuu hapo sina la kupinga, hiyo ni njia nzuri.

Mgeni Jikoni

Wakuu nisaidieni. Ya kwangu inaumuka vizuri tu ila ina ladha ya sabuni. Kakao imeisha muda au?

Shangazi wa Vitamu

Umeweka bekingi pauda au bekingi soda?

Mgeni Jikoni

Soda. Si ni kitu kile kile?

Shangazi wa Vitamu

Ndugu yangu, ni majirani, si kitu kimoja. Soda ina nguvu kama mara tatu ya pauda, na inahitaji kitu chenye uchachu ili ifanye kazi na kuisha. Isipopata uchachu inabaki, na kinachobaki ndicho hicho unachokiita sabuni. Pauda imeshafungiwa asidi yake humo humo.

Kakao nayo si za aina moja. Ile ya asili, ya rangi ya kahawia iliyofifia, ina uchachu kidogo, kwa hiyo inaivumilia soda. Ile nyeusi nyeusi imetiwa alkali kiwandani ili uchachu upungue na rangi ikolee, hiyo ukiikutanisha na soda hakuna kitakachoimaliza. Soma pakiti, kama imeandikwa alkali basi ni hiyo. Kama soda ndiyo uliyo nayo tu, weka ncha ya kisu, na badala ya maziwa yote weka nusu mtindi.

Sosi Chini

Mnajadili keki kana kwamba ndiyo kitu pekee kinachotoka kwenye kikombe. Karibuni upande wangu, upande wenye sosi.

Njia ya kwanza ni ya kivivu. Rojo likishakuwa tayari, chukua vipande viwili vya chokoleti ya kawaida, vididimize katikati mpaka vifunikwe. Usivisukume hadi chini kabisa, vitagota kwenye kitako na kuungua. Keki ikiiva, ndani kuna kisima.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda, na kila ninayemwonyesha anadhani namtania. Rojo la mleta uzi lile lile, ila kwenye kikombe kikubwa, lisizidi theluthi moja. Changanya pembeni sukari kijiko kikubwa kimoja na kakao kijiko cha chai, nyunyiza juu ya rojo. Kisha mimina taratibu maji ya moto vijiko vikubwa vitatu, yakipita nyuma ya kijiko ili yasichimbe shimo. Usikoroge. Kwa macho inachukiza: maji meusi yanaelea juu na unga wa kakao umejikusanya visiwa visiwa. Washa mashine. Keki inapanda ikiyapita yale maji, maji yanashuka na kuzidi kuwa mazito kwa wanga wa unga, na ukichota kijiko cha kwanza hadi chini unakutana na sosi nyeusi inayong'aa. Ongeza sekunde 15 hivi kwenye muda wako wa kawaida kwa sababu ya hayo maji. Weka sahani chini ya kikombe, kuna siku itafurika hata ufanyeje.

Mkitaka kuyeyusha chokoleti ya kumwagia juu, iyeyusheni sekunde 15 kisha mkoroge, 15 tena mkoroge. Chokoleti ina uongo wake: inayeyuka huku umbo lake limesimama vile vile. Anayesubiri ilale ndipo atoe, anakuta katikati imeungua. Na kijiko kiwe kikavu. Tone moja la maji linatosha kuigeuza chokoleti yote kuwa chengachenga.

Mama wa Watatu

Mimi nina la vikombe tu. Kile chenye mstari wa dhahabu au fedha mdomoni kisiingie humo. Mdogo wangu alikiingiza, zikaruka cheche mpaka mstari ukageuka mweusi. Na kuna vikombe vya udongo vinavyopata moto kuliko keki yenyewe. Wanangu nimewaambia mpini unashikwa kwa kitambaa, hakuna mjadala. Tena wasilambe rojo bichi, hata lile lisilo na yai, kwa sababu unga mbichi nao unaweza kubeba vijidudu.

Ukubwa: kikombe cha mililita 300 hadi 350, rojo lisizidi nusu. Kipana na kifupi kinaivisha sawasawa kuliko kirefu chembamba.

Mwana wa Oveni

Nimesoma uzi wote nikitafuta mtu wa kusema ukweli, naona inabidi niwe mimi. Hiyo si keki. Haina ukoko, haina ile harufu ya kuoka. Ni uji uliosimama.

Fundi Wati

Haha, mkuu una hoja. Ukoko haupatikani kwa sababu hewa ya ndani ya maikrowevu haina joto, na juu ya keki unyevu unaizuia isipande sana kupita nyuzi 100. Ule wekundu na ile harufu ya kuoka vinataka nyuzi 140 na kuendelea. Kwa hiyo usiitafute oveni humo. Weka kitu cha kutafuna juu baada ya kuiva, karanga zilizokaangwa na kupondwa zinatosha.

Shangazi wa Vitamu

Na kakao inaficha mengi. Ijaribu ya vanila tupu uone ilivyopauka. Ndiyo maana sisi tumeng'ang'ania chokoleti.

Mwana wa Oveni

Karanga nitajaribu. Msimamo wangu uko pale pale.

Mgeni Jikoni

Nimerudi. Nimeweka pauda, mashine yangu ni 700, nimepika sekunde 80 na nikaisubirisha. Sabuni imekwisha, na ni laini kwa kweli. Nusu nimeiweka ya baadaye, nimeirudia nikakuta imekakamaa. Hapo nimekosea wapi tena?

Kijiko Kikubwa (mleta uzi)

Hujakosea mkuu, hizi ni za kuliwa zikiwa za moto. Wanga ulioivishwa haraka hivyo ukipoa unakaza upesi. Irudishe sekunde 10 na kijiko cha chai cha maziwa juu, italegea, ila uile hapo hapo, haitalegea mara ya pili. Kama ulitumia siagi, wakati mwingine tumia mafuta ya maji, kwani siagi inaganda ikipoa na kuongeza ugumu.

Mama wa Watatu

Swali la mwisho kwangu: vikavu naweza kuviandaa mapema, nikifika niongeze maziwa na mafuta tu?

Kijiko Kikubwa (mleta uzi)

Unaweza, nami nafanya hivyo. Ila usiviweke vyote kwenye chupa moja kubwa, bekingi pauda na chumvi vinashuka chini, kikombe cha kwanza hakiumuki na cha mwisho kinachachamaa chumvi. Pima cha kila kikombe kwenye kifuko chake, funga, andika juu: maziwa 4, mafuta 2, na sekunde za mashine yako.