Naomba ushauri: picha ya ziwa inayomjibu anayeikanyaga

Habari zenu wapendwa. Niko Kisumu, natengeneza kazi ya video: projekta darini inamulika sakafuni maji na magugu niliyorekodi ufuoni Dunga. Kamera inamfuata mtu, na akikanyaga, magugu yanampisha. Juzi nilimwonyesha shangazi. Alivua viatu, akapandisha leso hadi magotini, akavuka polepole akipapasa kwa vidole vya mguu. Sakafu kavu kabisa! Nilisisimka, maana hicho ndicho ninachokitafuta.

Shida ni kamera. Inaona picha yangu yenyewe, mawimbi inayadhania watu, basi magugu yanatawanyika chumba kikiwa kitupu. Myron Krueger, msanii wa Marekani aliyetumia kompyuta, miaka ya 1970 aliwasimamisha watu mbele ya ukuta uliomulikwa kwa nyuma, kamera ikakamata vivuli vyao. Mimi nina saruji tu. Nimeambiwa nitumie taa za infraredi (mwanga ambao macho hayauoni ila kamera inauona) na kichujio kwenye lenzi kinachopitisha mwanga huo tu, ili kamera isiione projekta. Kuna aliyejaribu? Taa ngapi zitatosha mita 4 kwa 3?

Jingine linaniumiza zaidi: mtoto wa jirani alijirusha kama anayepiga mbizi, akachubuka kiwiko. Nitandike mkeka mzito chini, au niwaonye watu mlangoni kwamba si maji? Nahofia onyo litaua kila kitu.